Wasomaji Wanauliza: Mabehewa ya Mbao ya Reli za Juu

Toleo lililopita tulichapa picha ya behewa Na. 1 la kampuni ya South Side Elevated ya Chicago. Ni behewa la mbao la mwaka 1892, lililokuwa likipita juu ya nguzo za chuma usawa wa madirisha ya ghorofa. Barua zimemiminika kutoka Moshi na Arusha, na kwa furaha yetu nyingi ni za mafundi. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nguzo za chuma, reli za chuma, injini ya chuma. Kwa nini abiria wakawekwa ndani ya mbao? Na nani alianza? (Mwalimu wa historia, Ngarenaro, Arusha)

Kwa sababu ya uzito, Mwalimu. Kila kilo uliyoipandisha juu ilidai chuma zaidi kwenye nguzo, na nguzo ndizo zilizokula fedha za kampuni.

Charles T. Harvey alijaribu reli ya kwanza ya namna hii New York, Greenwich Street, mwaka 1868. Ilisimama juu ya safu moja ya nguzo kando ya barabara, na behewa lilivutwa kwa kamba ya waya iliyozungushwa na mashine za mvuke zilizokaa chini. Hapakuwa na injini juu kabisa. Kamba ilisumbua mno, na mwaka 1871 injini ndogo za mvuke zikashika kazi. Lakini jengo la nguzo lilikuwa lilelile jembamba, na abiria waliogopa kupinduka. Watengenezaji wakaleta behewa lenye tumbo: sakafu ya katikati ilishushwa kati ya mabogi mawili (fremu zinazobeba magurudumu) ili uzito ukae chini. Wazo zuri kwa abiria, baya kwa seremala, maana boriti za sakafu hazikuweza tena kunyooka kutoka ncha hadi ncha. Reli ya Sixth Avenue ilipofunguliwa mwaka 1878 juu ya jengo imara zaidi, sakafu zilinyooka, na umbo hilo ndilo lililodumu.

Injini nazo zilipimwa uzito. Aina iliyotawala ni ile ya Matthias Forney, ambayo maji na makaa ya mawe vilibebwa juu ya fremu ileile ya injini badala ya tenda, kibehewa cha nyuma cha kubebea maji na makaa. Ilikuwa fupi, ikapita kona kali za mitaani, na ilikwenda mbele na nyuma bila kugeuzwa.

Halafu kuna mafundi wenyewe. Kiwanda cha Jackson & Sharp cha Wilmington, kilichounda behewa la picha yetu, kilikuwa pia kikiunda vyombo vya majini. Watu wa pale waliijua mbao inayopindwa, kutikiswa na kulowa kila siku. Chuma cha kujengea behewa zima hakikuwa kazi yao, wala kazi ya mtu yeyote kwa kiwango kikubwa, mpaka mwaka 1904 reli ya chini ya ardhi ya New York ilipoagiza mabehewa ya chuma tupu.

Chicago ilifungua njia yake ya kwanza tarehe 6 Juni 1892. Kampuni ilipitisha reli kwenye vichochoro vya nyuma vya jiji ili kukwepa kuomba ridhaa ya wenye nyumba za barabarani, na wenyeji wakaibandika jina la reli ya uchochoroni. Mwaka uliofuata iliongezwa hadi Jackson Park kupeleka watu kwenye maonyesho makubwa ya dunia.

Nimekuza ile picha nikaona nondo zimeshuka chini ya behewa katikati, zimeshikwa na vigingi. Zina kazi gani? Mbao gani zilitumika, na viungo vipi? Nijibuni kwa lugha ya karakana. (Fundi seremala, Majengo, Moshi)

Anza na sakafu, fundi. Behewa la mbao ni sakafu kwanza, kuta na paa vinakuja kuisaidia.

Behewa la reli za juu lilikuwa na urefu wa mita 14 hivi na upana wa mita 2.6 na ushei. Chini kulilazwa boriti sita za urefu wote: mbili za pembeni, mbili za katikati, na mbili kati ya hizo. Zilikuwa za paina ya njano ya kusini mwa Marekani, mti mrefu, ulionyooka, wenye utomvu unaochelewesha kuoza. Ncha zilifungwa na boriti za kukingama za mwaloni, na mwaloni huohuo ulitumika juu ya kila bogi, mahali mzigo wote unaposhukia. Viungo vilikuwa vya ulimi na tundu, vikishikiliwa na bolti. Gundi haikuaminiwa kwenye fremu, maana fremu hucheza. Juu yake sakafu mbili: ya chini mbao za kawaida, ya juu mbao nyembamba ngumu zilizopangwa kuelekea upande tofauti.

Nguzo za kuta kati ya madirisha zilikuwa za ashi, mti unaopinda bila kuvunjika. Sasa angalia eneo lililo kati ya sakafu na kizingiti cha chini cha dirisha. Ndani ya ukuta ule kuna mbao za mshazari na vyuma vyembamba vya kusimama, yaani ukuta wenyewe ni kama kenchi ya paa iliyolazwa ubavuni. Hapo ndipo nguvu ya behewa ilipo. Juu ya madirisha kuna paa la kujihimili tu. Ndiyo maana baadaye kampuni zilipotaka mlango katikati ya ubavu, hazikukata tu na kuweka fremu ya mlango. Ukikata hapo umekata mhimili, na lazima sakafu iongezewe chuma chini. Nje ukuta ulifunikwa kwa mbao nyembamba za popla za kusimama wima, zilizopachikana kwa ulimi na mfereji. Ndani mkangazi uliopigwa vanishi, viti vya henzirani.

Sasa nondo zako. Kila moja ilianzia kwenye boriti ya mwisho, ikapita juu ya boriti ya bogi, ikashuka chini ya vigingi viwili vya chuma vilivyo karibu na katikati, ikapanda tena hadi upande wa pili. Unene wake ni kama sentimita 3. Katikati kuna kikazio chenye nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, hivyo ukikizungusha nondo inajikaza pande zote mbili kwa pamoja. Mzigo unapoikandamiza sakafu katikati, nondo inavutika na vigingi vinaisukuma sakafu juu. Kilo chache za chuma zimefanya kazi ya boriti nene. Kwa reli ya juu hiyo ilikuwa faida tupu.

Makosa mengi hutokea kwenye kukaza. Mbao hunywea ikikauka, boriti hujibana kwenye nati, nondo hulegea, behewa linabonyea. Fundi mwenye haraka anaingia chini na pisi ya bomba, anakaza nondo ya kwanza mpaka inalia, kisha anahamia ya pili. Matokeo: fremu inajisokota, milango haifungi, vioo vinapasuka kwenye kona. Utaratibu sahihi ni huu. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha kila upande ujue limebonyea kiasi gani. Weka jeki chini ya vigingi, nyanyua taratibu mpaka sakafu inyooke na kuzidi kidogo kuelekea juu, sentimita moja hadi mbili. Hapo ndipo ukaze nondo, robo mzunguko kwa kila moja, ukibadilishana kushoto na kulia huku uzi ukiutazama. Jeki ndizo zinyanyue, nondo zishikilie tu. Na kabla ya yote gonga ncha za boriti kwa nyundo: nondo iliyofungwa kwenye mbao iliyooza itajizamisha kama kisu, na utakaza siku nzima bila kupata kitu.

Ncha za behewa zilikuwa na ugonjwa wao. Kile kibaraza cha kuingilia kilining'inia nje ya bogi, kikashikwa na mbao zilizopita chini ya fremu hadi kwenye boriti ya bogi. Abiria walijazana palepale. Baada ya miaka kibaraza kinainama, na kwa kuwa kipo kingine cha behewa linalofuata, vibaraza viwili vinakosa kulingana na mtu anajikwaa.

Kuoza kulianzia sehemu tatu: mguu wa nguzo ya ukuta unapoingia kwenye boriti ya pembeni, chini ya kizingiti cha dirisha, na kona za kibaraza. Dawa yake haikuwa kutoa boriti nzima ya mita 14. Walikata sehemu mbovu na kuunga kwa mshazari mrefu. Kama boriti ina kimo cha sentimita 20, mshazari wa moja kwa nane unakupa kiungo cha mita 1.6, kifungwe kwa bolti zinazopishana. Usikiweke kiungo juu ya kigingi cha nondo, na usiviweke viungo vya kushoto na kulia mkabala.

Milango ilifunguliwa na nani? Kwenye picha sioni mlango wa ubavuni. (Kondakta wa daladala, Kilombero, Arusha)

Na wenzako, ndugu kondakta, na walikuwa wengi. Abiria waliingilia kwenye vibaraza vya ncha, na kila kibaraza kilikuwa na geti la chuma ubavuni. Gadi alisimama kati ya mabehewa mawili na wenzo mkononi wa kila geti: la behewa la mbele na la nyuma. Treni ya mabehewa matano ilitaka gadi kila maungio. Wa nyuma kabisa akishafunga alivuta kamba ya kengele, anayefuata akisikia na yeye amefunga alivuta yake, hivyo hivyo mpaka kengele ya mwisho ilie kwa dereva. Mmoja akichelewa, treni nzima inamsubiri.

Jua, mvua na theluji vyote vilikuwa vyao. Mishahara ya gadi wote hao ndiyo iliyozifanya kampuni zihangaikie milango ya kufungwa kutoka sehemu moja, kuliko usalama wa abiria, tunavyoona sisi. Hata hivyo mabehewa ya mageti yaliendelea New York kwenye reli ya Myrtle Avenue hadi mwaka 1958.

Shikamooni. Mimi ni mstaafu wa karakana ya mabehewa. Mvuke naujua. Umeme ndani ya behewa la mbao ndio unaonitatiza: waliuweka vipi, na moto je? (Mstaafu, Pasua, Moshi)

Shikamoo mzee wetu. Swali lako ndilo zito kuliko yote.

Liverpool ilitangulia. Reli yake ya juu ya bandarini ilianza mwaka 1893 ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza, na mota zilifungwa chini ya mabehewa yenyewe, si kwenye injini ya pekee. Chicago nayo, kampuni ya Metropolitan West Side ilianza na umeme mwaka 1895 kupitia reli ya tatu, yaani reli ya pembeni inayobeba umeme. Lakini mtindo wa Chicago wakati ule ulikuwa behewa moja lenye mota likikokota matela, yaani mabehewa yasiyo na mota. Wewe unaifahamu taabu yake: ili magurudumu yashike reli bila kuteleza, behewa la mbele lazima liwe zito. Zito juu ya nguzo ndiyo shida tuliyokuwa tukiikimbia tangu mwanzo.

Mhandisi Frank J. Sprague akaitatua kwa South Side kati ya 1897 na 1898. Kila behewa lipewe mota zake na swichi zake kubwa chini ya sakafu. Dereva wa mbele asiguse umeme mkubwa wa mota, aguse umeme mdogo tu unaopita kwenye waya wa treni nzima, na huo uziamuru swichi za kila behewa zifunge na kuachia kwa pamoja. Treni ikiwa ndefu, nguvu inaongezeka kwa kadiri hiyohiyo, na uzito unagawanyika sawasawa juu ya jengo. Behewa Na. 1 la picha yetu, lililozaliwa kuvutwa na mvuke, lilifungwa mota mwaka 1898. Ile treni ya mchongoko ya SGR inayotoka Dar inatumia wazo hilohilo.

Kuhusu moto, mzee, tatizo lilikuwa pale pale unapopahisi: cheche za swichi na joto la vizuizi vya umeme chini ya sakafu ya paina iliyolowa grisi. Kinga ilikuwa kuacha nafasi ya hewa kati ya kifaa na mbao, kubandika mabamba ya asbesto na bati chini ya sakafu, na kupitisha nyaya ndani ya mabomba ya chuma. (Anayekarabati behewa la zama hizo leo asiyabandue mabamba hayo kwa mkono mtupu. Vumbi la asbesto linaua mapafu, na rangi za zamani zina madini ya risasi.) Mfumo wa Sprague nao ulisaidia, kwani nyaya nene za umeme mkubwa hazikuhitaji kupita treni nzima.

Paris ililipa gharama ya kutofanya hivyo. Tarehe 10 Agosti 1903 treni ya mbao iliyokuwa na nyaya za umeme mkubwa ilishika moto ikiwa stesheni ya Barbès, ambayo iko juu, hewani. Abiria wakashushwa bila maafa. Kisha treni ile ikasukumwa kuingia chini ya ardhi, moto ukafufuka, ikaungua karibu na Ménilmontant. Treni iliyokuwa nyuma yake, imejaa watu, ikasimama stesheni ya Couronnes. Moshi ukajaa, taa zikazimika kwa kuwa zilitumia umeme uleule wa treni. Walikufa watu 84. Baada ya hapo Paris ikahamia kwenye mfumo wa amri za umeme mdogo, na taa za stesheni zikapewa njia yake ya pekee.

Liverpool nayo, reli iliyokuwa juu karibu yote, ilikuwa na stesheni moja tu ya chini ya ardhi, Dingle. Tarehe 23 Desemba 1901 mota ya treni iliharibika karibu na kuingia stesheni hiyo, moto ukazuka, watu sita wakafa. Kwa kweli sisi hatukubaliani na wanaosema mbao ilikuwa uzembe tangu mwanzo. Juu, hewani, behewa la mbao lililotunzwa lilifanya kazi yake kwa miongo. Kosa lilikuwa kulishusha shimoni.

Nimesikia kuna ajali moja iliyofanya mabehewa ya mbao yapigwe marufuku. Ilitokeaje? (Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Arusha)

Unaizungumzia Malbone Street, Brooklyn, tarehe 1 Novemba 1918. Madereva walikuwa wamegoma. Kampuni ikampandisha mtumishi wa kupanga zamu za wafanyakazi wa treni, ambaye alikuwa na mafunzo machache sana ya udereva na hakuwa mwenyeji wa njia ile. Kwenye mteremko kuna kona kali inayoingia kwenye handaki, na mwendo ulioruhusiwa ni maili 6 kwa saa, yaani kama kilomita 10. Treni iliingia kwa maili 30 au zaidi. Walikufa watu wasiopungua 93.

Kama mwanafunzi wa ufundi, usiishie kwenye mwendo. Tazama mpangilio. Treni ilikuwa na mabehewa matano: la kwanza lenye mota, la pili na la tatu matela, la nne na la tano yenye mota. Kanuni ya kawaida ilikuwa tela lisiunganishwe na tela jingine, kila moja liwe kati ya mabehewa yenye mota, kwa sababu tela ni jepesi na kitovu chake cha uzito kiko juu, hasa likiwa na abiria wengi juu na hakuna mota chini. Siku ile matela mawili yalifuatana. Yaliruka reli, yakajipiga kwenye ukuta wa handaki, ubavu ukachanwa na paa likang'oka. Behewa la kwanza na la nne hayakuumia sana. La tano halikupata kitu. Mbao ni ileile, treni ni ileile.

Kwenye ajali za kugongana uso kwa uso mbao ilikuwa na udhaifu mwingine: fremu ya behewa moja hupanda juu ya sakafu ya jingine na kuingia ndani kama droo. Ndipo vikaja vyuma vyenye meno mwishoni mwa mabehewa, ili yakigongana yashikane na lisipande moja.

Marufuku ya siku moja haikuwepo. New York ilikuwa tayari mwaka 1904 na mabehewa ya mchanganyiko kwenye njia ya chini ya ardhi, fremu ya chuma na mwili wa mbao uliovikwa shaba nyekundu, na mwaka 1916 yaliondolewa kule yakahamishiwa reli za juu. Chicago ilipofungua njia ya chini ya State Street mwaka 1943, mabehewa ya mbao hayakuruhusiwa kuingia, yakabaki juu hadi mwaka 1957. Brooklyn, mabehewa ya mbao yaliyofanyiwa matengenezo makubwa yalimaliza kazi Myrtle Avenue mwaka 1969. Mwezi Julai mwaka huo binadamu alishatua mwezini, na watu bado walikuwa wanaenda kazini kwa behewa la mbao.

Je, Moshi au Arusha iliwahi kuwa na reli ya juu? Na hayo mabehewa yapo wapi leo? (Barua kadhaa)

Haikuwahi kuwepo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, yote ardhini, kwa geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja. Reli za juu tunazozieleza zilitumia geji ya milimita 1435, kama SGR.

Behewa Na. 1 liko Chicago History Museum. Jingine la mbao, la reli ya juu ya Liverpool, liko Museum of Liverpool, na reli yenyewe ilifungwa tarehe 30 Desemba 1956, chuma cha jengo lake kikiwa kimeliwa sana na moshi wa injini za mvuke zilizopita chini yake bandarini. New York Transit Museum ina mabehewa ya Brooklyn ya mwanzoni mwa karne iliyopita, nayo hutolewa kwa safari za maonyesho. Illinois Railway Museum, mji wa Union, ina kadhaa. Wapo waliohama mbali zaidi: wakati wa Vita Kuu ya Pili mabehewa ya New York yalisafirishwa hadi California kubeba wafanyakazi wa viwanda vya meli vya Richmond, na mawili yamebaki Western Railway Museum.

Nina mgahawa, nataka kujenga chumba cha wateja kwa umbo la behewa lile, mita 7 tu. Nitumie mbao gani za hapa, na paa lisivuje? (Mama mwenye mgahawa, Soweto, Moshi)

Mama, kwa kuwa halitatembea, nondo za chini ni urembo. Ziweke ukipenda, usizikaze.

Boriti za chini: paina iliyotiwa dawa inatosha, ila iwekwe juu ya nguzo fupi za zege, sentimita 40 kutoka ardhini, hewa ipite. Boriti mbili za kukingama mwishoni ziwe za mvule. Nguzo za madirisha ziwe mninga, hauchezi sana ukishakauka, na hiyo ndiyo sifa unayoihitaji penye kioo. Ukuta wa nje, sipresi kutoka mashamba ya West Kilimanjaro, mbao za upana usiozidi sentimita 8. Zikiwa pana zaidi zitajikunja na kufungua viungo. Ndani, mkangazi au mringaringa. Mkaratusi uuache kwa kazi hii, hujisokota. Chochote utakachonunua, dai risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na kipangwe kivulini kwa vijiti kati ya mbao na mbao. Ubao wa sentimita 2.5 unataka karibu mwaka mzima wa hewa. Wauzaji watakuambia mwezi.

Paa la ngazi mbili lenye vioo vidogo juu linapendeza, lakini kila kona yake ni mlango wa maji. Kwa mita 7 tunakushauri paa moja la mviringo mpole. Lifunikwe kwa turubai ya pamba nene, si ya plastiki, kama walivyofanya wao. Vipande vishonwe kwa mshono wa mara mbili, vikienda kwa urefu wa behewa, na uongeze sentimita 10 kila upande. Iloweshe na kuikausha kwanza, la sivyo itanywea ikiwa juu na kung'oa misumari. Piga msasa mbao za paa, zamisha vichwa vyote vya misumari na uzibe matundu. Paka rangi nzito ya mafuta isiyo na risasi, na kabla haijakauka laza turubai juu yake, ukianzia katikati na kusukuma hewa kwenda pembeni kwa kipande cha mbao. Gongomea pembeni tu, misumari ya shaba kila sentimita 3. Ya chuma ikipata kutu inakula kitambaa na utaona mstari wa matundu baada ya masika mbili. Juu yake rangi ya kwanza iwe nyepesi ili inyweke, ikikauka ziongezwe tatu za kawaida. Kila mwaka kabla ya masika, mkono mmoja zaidi.

Madirisha yapande juu, yasizame ukutani. Ukishikilia ya kuzama kwa sababu ya umbo, kila mfuko wa dirisha utobolewe matundu mawili chini, kipenyo milimita 10, moja kila kona, na umwambie mpaka rangi asiyazibe.